Picha Ndani ya Boksi la Tambi

Sehemu ya Kumi na Moja

Tambi.

Ndiyo, msomaji, macho yako hayakukudanganya wiki iliyopita. Tazuko Hibino alilifungua boksi alilodhani ndilo alilolificha kabatini miaka ishirini na moja, lenye picha yake ya pekee iliyosalia duniani, akakuta ndani vitita vya tambi nyeupe, safi, za daraja la kwanza.

Alivitoa vitita vyote mpaka akaona mbao za chini. Kisha akaita, “Mama!”

Mama mkwe wake, Bibi Sone, mwenye miaka sabini na sita, akaja polepole na upepeo mkononi. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, joto la kuyeyusha mshumaa.

“Mama, humu kulikuwa na maboksi mangapi?”

“Mawili.”

“La pili liko wapi?”

“Nilimpelekea Mama Daktari mwezi uliopita. Zawadi ya katikati ya mwaka. Si kila mwaka tunampelekea tambi?”

“Hukulifungua kuangalia ndani?”

“Nifungue boksi la tambi niangalie nini? Tambi?”

“Hukuona kuwa ni jepesi?”

“Niliona. Nikasema, kila kitu kimepungua tangu vita.”

Tazuko akakaa chini kwenye mkeka. Kwa wewe uliyekosa magazeti yaliyotangulia, nitakueleza kwa nini alikaa chini, na nitaeleza mara moja tu.

Miaka ishirini na minane iliyopita, vijana sita wa mji wetu wa Tatsuno walifanya onyesho la picha za rangi za mafuta. Watano walikuwa wanaume. Wa sita alikuwa Tazuko, na yeye alitundika picha isiyoonyesha mtu, wala mti, wala mlima: rangi tupu na mistari. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho huku kwetu. Walikuwa wamekubaliana wote sita wasitie saini, maana walikuwa vijana na waliona saini ni mambo ya wazee.

Leo mmoja wa wale watano ni Profesa Togashi wa Tokyo, mtu mkubwa, mwenye vitabu. Katika kitabu kimoja ameweka fotografia ya picha ile na kuandika chini yake kwamba ni kazi yake ya kwanza, iliyopotea vitani. Jumamosi hii onyesho lake kuu linafunguliwa katika makumbusho ya mji wa Himeji. Tazuko alimwandikia mtu wa makumbusho akasema, “Picha haijapotea, iko kwangu, na ni yangu.” Mtu wa makumbusho akajibu kwamba atakuja kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, kuiona kwa macho yake. Asipoiona, jina la Togashi linabaki.

Sasa picha iko wapi? Imeliwa?

“Basi twende kwa Mama Daktari tukamuulize,” Tazuko akasema.

Bibi Sone akaacha kujipepea. “Tukamuulize nini? ‘Ile zawadi tuliyokupa, turudishie’? Nitatembeaje tena mtaani?”

Kuuliza si ujinga, husemwa. Aliyesema hakuwahi kuishi Tatsuno. Kwetu zawadi ikishatoka mkononi haiulizwi. Na kuna la pili, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka: zawadi hizi hazifunguliwi. Nyumba moja inapokea maboksi thelathini ya tambi katika mji ambao kila mtaa una kiwanda cha tambi. Unafanyaje? Unaondoa kadi ya mtumaji, unaweka yako, unapeleka mbele. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea boksi nililolitoa, na nikalipongeza.

“Nitauliza mimi,” akasema Bibi Sone, akichukua mwavuli wa jua. “Wewe utauliza kama mtu wa forodha.”

Mama Daktari Kuwabara, mke wa daktari wa mtaa, aliwakaribisha kwa chai baridi ya shayiri. Walizungumza kuhusu joto. Walizungumza kuhusu joto la mwaka jana. Tazuko alikuwa akihesabu dakika kwa vidole vya miguu ndani ya soksi.

“Na zile tambi zetu,” Bibi Sone akasema hatimaye, kama mtu anayekumbuka kitu kisicho na maana, “naona haya. Mwaka huu sidhani kama zilikuwa nzuri.”

“Ah, Mama, usiseme hivyo!” Mama Daktari akashika kifua. “Tamu ajabu! Daktari alikula bakuli tatu. Zililainika, zikateleza!”

“Zililainika?”

“Kama hariri!”

Tazuko alikaribia kupaliwa na chai. Picha ya rangi za mafuta, kwenye fremu ya mbao, imelainika kama hariri.

“Tumefurahi sana,” akasema Bibi Sone, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Wakaaga.

Nje, Tazuko akapasuka. “Anadanganya!”

“Ndiyo, na Mungu ambariki. Angesema zilikuwa na ladha ya mbao, ningejua amefungua. Amezisifu, basi hakufungua. Amelipeleka mbele.”

“Kwa nani sasa?”

“Wewe ni mke katika mji huu miaka ishirini na sita, na unaniuliza kwa nani? Baba mkwe wake alitimiza miaka mitatu kaburini mwezi uliopita. Nani alimsomea dua?”

“Kasisi wa hekalu.”

“Utaenda hekaluni mikono mitupu?”

Mkono mtupu haulambwi, hata na watawa. Wakapanda ngazi za hekalu, mia na kumi na mbili, mchana wa jua kali, nyenje wakipiga kelele mitini. Katikati ya ngazi bibi kizee akasimama kupumua.

“Niambie ukweli, Tazuko. Kile kipicha kina nini? Mimi nilikiona mwaka ule ulioolewa. Nikadhani ni kitambaa ulichofutia brashi.”

Tazuko alikuwa mtu mpole, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumjibu mkwewe zaidi ya sentensi mbili. Siku hiyo alijibu.

“Mama, nina miaka arobaini na tisa. Nimepika wali kila siku, ukaliwa. Nimetia kachumbari kwenye pipa kila msimu wa baridi, ikaliwa. Nimeshona nguo, zikachakaa. Picha ile ndiyo kitu pekee nilichokifanya ambacho hakijaliwa. Na mtu mwingine ameandika jina lake chini yake. Nikifikiria hilo usiku silali. Naumia, Mama. Naumia kweli.”

Bibi Sone akamtazama. Akafunga mwavuli, ingawa jua lilikuwa pale pale.

“Twende,” akasema. “Unatembea taratibu mno.”

Kasisi wa hekalu, mtu mnene mwenye uso mwema, alikuwa anamwagilia maua kwa birika la chai. Bibi Sone alianza na joto. Alifika kwenye joto la mwaka jana, kasisi akamkatiza.

“Bibi Sone, wewe ni mtu mzima, nikuombe ushauri. Nadhani Mwalimu Ashida akili zinamtoka.”

Mwalimu Ashida ni mwalimu mkuu mstaafu, miaka themanini na moja. Nusu ya Tatsuno ilijifunza kusoma mbele ya fimbo yake, Tazuko mmoja wao.

“Kwa nini?” Bibi Sone akauliza.

“Nilimpelekea boksi la tambi, zawadi ya kawaida. Ameniandikia barua tatu za shukrani. Sikiliza hii.” Kasisi akatoa karatasi kwenye mkono wa joho. “‘Mheshimiwa, zawadi yako nimeitazama siku tatu. Leo asubuhi nimelia. Bado sijaielewa, lakini sitaki kuielewa haraka.’” Akaikunja barua. “Ni tambi, Bibi Sone. Ziweke kwenye maji ya moto dakika mbili.”

Tazuko alikuwa ameshafika ngazi ya ishirini kwenda chini.

“Mambo ya vijana haya,” kasisi akasema, akimtazama mwanamke wa miaka arobaini na tisa akikimbia na kimono ameikusanya mkononi. “Ana nini?”

“Joto,” akajibu Bibi Sone, akamfuata.

Nyumba ya Mwalimu Ashida iko nyuma ya shule, chumba kimoja cha mikeka sita na bustani isiyozidi leso. Mlango ulikuwa wazi. Tazuko aliita hodi, akavua viatu, akaingia, akaiona.

Ilikuwa imetundikwa kwenye uwazi wa heshima ukutani, pale ambapo watu hutundika maandishi ya busara. Uwanja mweupe uliofifia. Vipande vitatu vya rangi nyekundu iliyoiva. Mstari mmoja wa manjano. Duara jeusi ambalo halikufungwa.

Picha si kubwa; ukiikumbatia inaishia kifuani. Tazuko alisimama mbele yake na machozi yakamtoka bila kuuliza ruhusa.

“Na wewe pia,” Mwalimu Ashida akasema kutoka pembeni, alikokuwa ameketi wima kama siku ya ukaguzi. “Kaa, Tazuko. Nilidhani kasisi amenitumia fumbo, lile la kumfanya mtu afikiri mpaka azinduke. Nimelikalia siku kumi na moja. Mpaka sasa nimezindukia jambo moja tu, kwamba magoti yanauma.”

“Mwalimu, hiyo picha...”

“Naijua sasa. Togashi ameshanieleza.”

Tazuko akageuka. “Togashi?”

“Alikuja jana kunisalimu, mtoto mwema, anamkumbuka mwalimu wake. Alipoiona akapiga kelele: ‘Picha yangu niliyoipoteza!’ Akaniomba wino. Tazama.”

Mzee akasogeza boksi. Lilikuwa boksi lile lile la mbao, la tambi. Juu ya mfuniko, kwa brashi nene na mkono wa mtu aliyezoea kutazamwa, kulikuwa kumeandikwa: *Asubuhi. Mwaka wa tisa wa Showa. Kazi ya mkono wangu, Togashi.* Ndio mwaka wa lile onyesho la vijana sita. Na chini ya maandishi, muhuri mwekundu.

Hapo, msomaji, ndipo ujue ukubwa wa balaa. Kwetu boksi si boksi. Msanii akiandika juu ya mfuniko na kugonga muhuri, hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya kazi yake. Wauzaji wa sanaa hutazama mfuniko kwanza, picha baadaye. Kabla ya jana Tazuko alikuwa na picha isiyo na jina. Leo picha ina jina, na si lake.

Bibi Sone alifika mlangoni akihema, akasoma mfuniko kwa sauti, neno kwa neno.

“Mtu ameandika juu ya boksi langu la tambi,” akasema.

“Mwalimu,” Tazuko alisema, “picha hii niliichora mimi.”

Mzee hakushtuka. Walimu wa zamani hawashtuki. “Mmoja wenu ananidanganya basi. Saa tisa Togashi anakuja kuichukua aipeleke Himeji. Ni saa tisa kasoro dakika tatu. Kaeni, mnywe chai.”

Profesa Togashi aliingia saa tisa kamili, na suti ya kitani na miwani ya dhahabu. Alimwona Tazuko. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa uso wa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyefumaniwa. Kisha akainama kwa adabu.

“Tazuko! Miaka mingapi? Na wewe umekuja kuiona picha yangu?”

“Nimekuja kuichukua yangu.”

“Jamani.” Profesa akacheka kidogo, akimtazama Mwalimu kama watu wazima wanavyotazamana mbele ya mtoto. “Tulikuwa sita, tukichora chumba kimoja, tukila chungu kimoja. Kumbukumbu huchanganyika. Ulikuwa unatuoshea brashi, unakumbuka?”

“Hee!” Bibi Sone akadakia. “Brashi! Mbona nyumbani kwangu hakuwahi kuosha hata moja kwa hiari?”

“Kimya,” akasema Mwalimu Ashida, na wanafunzi wake wawili wakanyamaza, maana sauti ile waliwahi kuisikia wakiwa na miaka saba. Bibi Sone hakuwahi kuwa mwanafunzi wake, lakini alinyamaza pia.

Mzee akainuka, akaigeuza picha ikatazama ukuta. Akatoa karatasi mbili na penseli mbili.

“Kila mmoja aichore kwa kukumbuka. Bila kutazamana. Dakika tano.”

Profesa wa Tokyo, mwenye vitabu, akapiga magoti na kuanza mtihani. Penseli yake ilikwenda bila kusita. Vipande vitatu, mstari, duara lenye pengo. Alimaliza kwa dakika mbili, akaiweka penseli chini sambamba na karatasi, kama alivyofundishwa.

Tazuko alikuwa bado anaitazama karatasi tupu.

Maana fikiria. Aliifunga picha ndani ya boksi vita vilipochacha, wakati picha isiyoonyesha mlima wala meli ya kivita ilikuwa ikimletea mtu polisi mlangoni. Hakuna polisi wa Tatsuno ambaye angepekua tambi. Tangu siku hiyo hakulifungua. Alijua limo, ikamtosha. Naye Togashi alikuwa na fotografia kitabuni, akiitazama miaka yote kama mtu anayekariri somo. Duara lilikuwa kulia au kushoto? Tazuko alilichora kulia.

Lilikuwa kushoto.

Mwalimu akachukua penseli nyekundu. Kwetu mwalimu akikuwekea duara umepata, akikuwekea mkwaju umekosa. Akaweka duara kwenye karatasi ya Togashi. Akaweka mkwaju kwenye ya Tazuko. Bibi Sone akafumba macho.

“Pole, Tazuko,” Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa laini kweli, jambo lililozidisha ubaya wake. Akanyoosha mkono kuchukua boksi.

“Mwalimu,” Tazuko akasema. “Swali lilikuwa baya.”

Mkono wa Profesa ukaganda hewani. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia Mwalimu Ashida maneno hayo.

“Endelea,” akasema mzee.

“Umeuliza inaonekanaje. Hilo analijua hata mwenye fotografia. Muulize imejengwaje.”

Mzee akafikiri. “Togashi. Rangi gani ilitangulia?”

“Nyeupe, Mwalimu. Uwanja kwanza, kisha maumbo.”

“Tazuko?”

“Kahawia. Kahawia ya ngozi ya mtu.” Alijibu papo hapo. “Sikuwa na kitambaa kipya cha kuchorea, kwa hiyo nilichora juu ya picha nyingine. Chini ya ile nyeupe kuna uso.”

“Hadithi,” Profesa akasema, lakini aliimeza nusu.

“Mama, usikasirike,” Tazuko akamwambia mkwewe. “Yalikuwa mambo ya kabla ya nyumba yako.” Kisha akamgeukia Mwalimu. “Kulikuwa na mtu niliyemchora majira ya machipuko, siku kumi na mbili, akiwa amekaa dirishani. Alisema akifika Tokyo atanitumia nauli. Kiangazi ikaja kadi ya harusi yake, na binti wa mwenye duka la picha. Nikachukua rangi nyeupe nikamfunika. Nilikuwa nimevunjika moyo, Mwalimu, sikuwa nikifanya sanaa. Nilitaka tu asinitazame. Yale mengine yalikuja baadaye, juu yake.”

Bibi Sone akasogea mbele kwa magoti.

“Nani?” akauliza Bibi Sone, ambaye adabu ya mchana mzima ilikuwa imemwisha.

Tazuko aliinuka. Aliigeuza picha ikawatazama tena. “Mwalimu, niazime kile kisu chako cha karatasi.”

“Wewe!” Bibi Sone akamdaka mkono wa kimono. “Kesho mtu wa makumbusho anakuja! Umepanda ngazi mia na kumi na mbili uje uichane mwenyewe?”

“Nikiiacha nzima, Mama, ni nzima na ni yake.”

Mwalimu Ashida akafungua sanduku la wino. Akatoa kisu kidogo, akakishika kwenye makali, akampa Tazuko mpini.

“Huwezi kuruhusu hili!” Profesa akasema. “Ni kazi ya kihistoria!”

“Ni boksi la tambi,” akajibu mzee. “Nililetewa mimi. Endelea.”

Tazuko akapiga magoti, uso wake karibu na picha kiasi cha kuinusa. Akatafuta kwa kidole, taratibu, juu ya nyeupe, upande wa kulia. Mkono haukusita hapo. Macho yalikuwa yamesahau, vidole havikusahau.

“Hapa ni shavu,” akasema. “Hapa ni nywele. Na hapa ni sikio la kushoto. Lina pengo juu, mbwa alimng’ata akiwa mdogo. Lilinitesa siku mbili kulipata sawasawa.”

Akaweka ncha ya kisu, akasukuma. Kigamba cheupe, si kikubwa kuliko ukucha, kikaanguka kwenye mkeka. Chini yake palikuwa na kahawia ya ngozi ya mtu.

Bibi Sone akainama kutazama. Mwalimu Ashida hakuinama. Alikuwa anamtazama Profesa, ambaye nywele zake ndefu za kisanii hushuka mpaka kolani, na ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshapanda wenyewe, ukashika upande wa kichwa kwa nguvu.

“Togashi,” akasema mzee, “toa mkono.”